Mkataba Hadi Mwaka wa Arobaini na Tano

Saimi Kekki hakujua kukaa. Hata chakula alikula amesimama kando ya jiko, sahani mkononi, macho dirishani. Mama mkwe wake, Bibi Vappu, aliyekuwa na miaka themanini na ulimi mkali kuliko wembe, alikuwa akimwambia kila siku, "Kaa, mwanamke! Kiti hicho hakina miiba." Saimi alicheka, akaketi, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshainuka tena kwenda kutazama kama lango la zizi limefungwa.

Waliishi watatu: Saimi, mumewe Tahvo, na huyo bibi. Mungu hakuwajalia mtoto. Walikuwa na ng'ombe saba, farasi mmoja, na mashamba yaliyoteremka hadi karibu na Mto wa Mpaka. Upande huu Finland, upande ule Urusi. Mto wenyewe haukuwa kitu. Wakati wa kiangazi ng'ombe aliweza kuuvuka bila kulowa tumbo.

Saimi alipokuwa msichana mto ule haukuwa mpaka wa kutisha mtu. Baba yake alikuwa akipeleka maziwa Petersburg kwa mkokoteni, na yeye akimfuata, akiita wateja kwa Kirusi mlango kwa mlango. Ndiyo maana lugha ile ilimkaa kinywani. Dada yake mkubwa, Lyyli, aliolewa ng'ambo, kijiji cha Alakylä, na Mfini mwenzao wa kule aliyeitwa Simo. Hakuna aliyesema ameolewa nchi za nje. Ilikuwa kama kuolewa mtaa wa pili. Jumapili walitembeleana, wakaazimana sufuria na habari.

Kisha ikaja vita ya kwanza, mfalme wa Urusi akang'olewa, Finland ikajitenga, na siku moja mto ukawekewa waya na walinzi wenye bunduki. Lyyli akabaki kule. Kwa miaka karibu kumi na nane dada hao wawili walionana kwa mbali tu, kila mmoja kwenye ukingo wake, wakati wa kuvuna majani au kusuuza nguo. Lyyli akivua kitambaa chake cha kichwa na kukikung'uta mara mbili: sote wazima. Saimi naye akikung'uta chake. Kupiga kelele kulikatazwa.

Mnamo Januari mwaka 1932 Tahvo aliingia ndani na gazeti, theluji bado iko kwenye buti zake, akalikunjua juu ya meza kama mtu anayetandika kitambaa cha sikukuu.

"Wametia sahihi," alisema. "Mkataba wa kutoshambuliana. Sisi na wao. Hakuna atakayevuka mpaka na silaha, na ugomvi wote utazungumzwa mezani."

"Kwa muda gani?" aliuliza Saimi.

"Miaka mitatu, halafu wanaongeza."

"Na kwa nini miaka mitatu? Mwaka wa nne watakuwa na hamu ya kutupiga?"

Bibi Vappu aliangua kicheko huko kwenye kona yake. Tahvo hakucheka. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyeamini kwamba jambo likishaandikwa na wakubwa limekaa. Miaka miwili baadaye mkataba uliongezwa muda hadi mwisho wa mwaka 1945, na Tahvo akafanya hesabu yake ya maisha kwa mwaka huo. Alijenga zizi jipya la mawe. Alipanda miti ya tufaha ishirini, ambayo huchukua miaka mingi kuzaa vizuri.

"Nitakuwa na miaka hamsini na minane," alisema. "Tutakula matufaha, Saimi, wewe utakuwa umeketi."

Lakini Saimi alizidi kukosa raha. Hakuweza kueleza kwa nini. Aliamka asubuhi na jambo la kwanza lilikuwa kwenda dirishani kutazama moshi wa Alakylä. Mabomba kumi na manne ya moshi, aliyajua moja moja. La dada yake lilikuwa la tatu kutoka kwenye msonobari mkubwa.

Masika ya mwaka 1936, mwezi Mei, moshi haukutoka.

Alisimama dirishani hadi maziwa yakamchemkia na kumwagika jikoni. Mabomba kumi na manne, hakuna hata moja. Alishuka hadi ukingoni. Hapakuwa na mtu, wala mbwa hakubweka. Kilichosikika ni ng'ombe tu. Walikuwa wakilia, ng'ombe wengi kwa pamoja, kilio cha kiwele kilichojaa kisichokamuliwa. Walilia siku ile, wakalia siku ya pili. Saimi aliziba masikio kwa mito, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Siku ya tatu walinyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Watu wa kijiji chao, Haukkala, walinong'onezana kwamba Wafini wote wa ukanda wa mpaka upande ule wamepakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mbali. Hakuna vita iliyopiganwa, hakuna mkataba uliovunjwa. Gazeti la Tahvo liliandika mistari sita.

"Mkataba unahusu sisi na wao," Tahvo alijaribu kumtuliza. "Wale ni raia wao. Hatuna la kusema."

"Basi ni mkataba wa nani, Tahvo? Wa mto?"

Tahvo alimwekea mkono begani, naye akautoa, si kwa hasira, ila kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu chochote kumtulia mwilini.

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kupukutika, ng'ombe wao mmoja alivuka mto. Mambo kama hayo yalikuwa na taratibu zake: maofisa wa pande mbili walikutana katikati ya daraja, karatasi zikasainiwa, mnyama akarudishwa. Mkalimani wa kawaida alikuwa kitandani na homa ya mapafu, kwa hiyo Sajini Pusa wa walinzi wa mpaka alikuja kumwomba Saimi.

"Mama Kekki, Kirusi chako cha kuuzia maziwa kitatosha. Sema ninachosema, usiongeze chumvi."

"Na wewe usiseme upuuzi, nisipate aibu ya kuutafsiri."

Alisimama darajani katika gauni lake la kanisani. Ofisa wa Kirusi alikuwa kijana, masikio mekundu kwa baridi, na nyuma yake alisimama mwenzake mwenye koti la ngozi ambaye hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Rangi, pembe na umri wa ng'ombe vilielezwa. Karatasi zikapigwa mihuri. Yule wa koti la ngozi alipogeuka kuwasha sigara, Saimi akasema haraka, kwa sauti ileile ya kueleza habari za ng'ombe, "Watu wa Alakylä wako wapi? Dada yangu yumo. Ana mabinti wawili."

Kijana yule hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Wamepewa ardhi mahali pengine," alisema. Kisha, akikunja karatasi, midomo ikicheza kidogo tu: "Usiulize tena, mama. Kwa ajili yao."

Sajini Pusa aliuliza njiani, "Mlisemezana nini pale mwisho?"

"Alisema ng'ombe wetu amekonda."

Ukweli aliujua baada ya miaka ishirini, binti mdogo wa Lyyli alipofanikiwa kuandika barua kutoka Estonia. Lyyli alikufa majira ya baridi yale yale ya kwanza, kwenye kambi ya wakata magogo huko Vologda. Siku ile Saimi amesimama darajani na gauni la kanisani, dada yake alikuwa karibu mwaka kaburini. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule alijua tu kwamba ameuliza, na kwamba jibu alilopewa lilikuwa la mtu mwenye hofu.

Mwaka 1939 ulipofika Oktoba, dunia ilikuwa imeshashika moto. Poland ilikuwa imegawanywa na majirani zake wawili, na wote wawili walikuwa na mikataba nayo. Moscow ikawaita wakubwa wa Finland kwenda kuzungumza. Ilitaka mpaka usogezwe nyuma. Amri ikaja kwamba wazee, wanawake na watoto wa vijiji vya mpakani waondoke kwa muda. Saimi alimpakia Bibi Vappu kwenye treni na marobota mawili, wakapelekwa Häme, mbali ndani ya nchi, nyumbani kwa mkulima mmoja aliyewapa chumba nyuma ya jiko. Tahvo alibaki na mifugo.

Wenyeji wao walikuwa watu wema, na wema huo ulimchosha Saimi. Kila alipoinuka kusaidia, mama mwenye nyumba alimkalisha. "Pumzika, mgeni." Hakukuwa na ng'ombe wa kukamua wala dirisha la kutazama mto. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi mlangoni, mpaka Bibi Vappu akasema, "Unanitia kizunguzungu. Kama ni kufa, nataka kufia kitandani kwangu, si huku nikikuhesabia hatua."

Wiki zikapita, vita haikuja. Katikati ya Novemba mazungumzo ya Moscow yakakatika bila kuafikiana, wajumbe wakarudi nyumbani, na bado hakuna kilichotokea. Watu wakaanza kurudi makwao. Tahvo akaandika barua kwamba mgongo umemkamata na ng'ombe saba ni wengi kwa mikono miwili. *Mkataba upo*, aliandika mwishoni, na akaupigia mstari.

Saimi hakuuamini mstari ule hata kidogo. Lakini alifunga marobota siku ileile. Baadaye, watu walipomuuliza kwa nini alirudi akijua anavyojua, alisema kweli tupu: "Nisingeweza kukaa pale siku moja zaidi."

Jumapili ya tarehe ishirini na sita, alasiri, alikuwa anateka maji kisimani aliposikia mizinga. Milio saba, akaihesabu, ng'ambo upande wa kijiji cha Mainila. Kisha kimya. Ndoo ilikuwa imemponyoka na kamba ilikuwa inajikunjua yenyewe. Baada ya muda Sajini Pusa alipita kwa baiskeli, amekunja uso.

"Ni mazoezi yao?" Saimi alimpigia kelele.

"Imepigwa kutoka kwao, imeangukia kwao," alijibu bila kushuka. "Nimeandika saa na dakika. Sijui ni nini, Mama Kekki."

Kesho yake redio ya Moscow ikatangaza kwamba Wafini wamepiga mizinga na kuua askari wanne wa Kirusi. Tahvo alicheka kwa mshangao. "Sisi? Hatuna hata mzinga mmoja karibu na hapa! Watachunguza, wataona. Mkataba unasema mambo kama haya yachunguzwe na kamati ya pande mbili."

Saimi alianza kupanga vitu karibu na mlango. Leo blanketi, kesho sufuria. Hakumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Jumatano asubuhi alikwenda duka la ushirika kununua mafuta ya taa. Alikuta watu wameizunguka redio ya mwenye duka, hakuna anayenunua kitu. Serikali ya Urusi ilikuwa imetangaza kwamba haijihesabu tena kufungwa na mkataba wa kutoshambuliana. Mtangazaji alisoma maneno hayo kwa sauti ya kawaida, kisha akasoma hali ya hewa. Saimi aliiacha chupa yake tupu juu ya kaunta, akarudi nyumbani akikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyevaa sketi mbili.

"Wameuvunja," alimwambia Tahvo mlangoni mwa zizi.

"Haiwezekani. Ni hadi arobaini na tano."

"Wamesema haupo."

"Hauvunjwi hivyo, Saimi. Imeandikwa! Ukitaka kujitoa, unatoa notisi ya miezi sita." Alikuwa ameshika koleo la samadi mbele yake kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. "Miezi sita. Nimeisoma mimi mwenyewe."

Bibi Vappu alikuwa amefungua dirisha. "Notisi wataileta na mzinga, we mpumbavu wangu," alimwambia mwanawe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kejeli. "Mfungie mkeo farasi."

Saimi alikuwa ameshamfunga. Alimbeba mama mkwe hadi kwenye mkokoteni, akamfunika mablanketi, akatupia sufuria na gunia la unga. Tahvo alikataa kuacha ng'ombe. Ilikuwa lazima wakamuliwe jioni, na wasingeweza kutembea kilomita ishirini na tano siku hiyo hiyo, kiwele kimejaa. Angewatoa kesho alfajiri.

"Toka nao sasa hivi."

"Kesho alfajiri. Nakuahidi."

"Umejifunza kwa wakubwa kuahidi?"

Lilimtoka tu. Aliona limemwingia mumewe kama kibanzi. Akataka kulirudisha, lakini farasi alikuwa ameshaanza kwenda, na aliogopa kwamba akimsimamisha hataweza kuondoka tena.

Walifika kituo cha reli cha Perkjärvi jioni, wakalala kwenye chumba cha abiria pamoja na watu wengine wasiozidi ishirini. Asubuhi kulipopambazuka, mizinga ilianza. Safari hii hakuna aliyeweza kuihesabu. Vioo vya kituo vililia kwenye fremu zake, na mtoto mmoja akaanza kucheka kwa woga.

Saimi alisimama. Bibi Vappu alimshika sketi.

"Nenda," alisema. "Usinitazame mimi, mimi ni mzigo tu, mzigo hausubiriwi. Nenda kamlete mwanangu."

Alikwenda kwa miguu, maana farasi alikuwa amechukuliwa na jeshi. Barabara nzima ilikuwa inakuja kwake: mikokoteni, wanawake na baiskeli zilizofungwa magodoro, ng'ombe, kondoo, mzee mmoja akisukuma cherehani kwenye kigari cha mtoto. Yeye peke yake alikuwa anakwenda upande wa pili. Alikuwa akiuliza kila mtu, "Umemwona Tahvo Kekki wa Haukkala? Mtu mrefu, ana ng'ombe saba?" Wengine walitikisa kichwa. Wengine hawakumsikia. Askari mmoja alimzuia kwa mkono: "Mama, umekosea njia."

"Sijakosea. Mume wangu yuko huko."

"Huko sasa ni moto mtupu."

Alipita chini ya mkono wake. Kwa mbele, juu ya misonobari, moshi ulikuwa umesimama mahali pengi, mweusi na mnene, tofauti kabisa na moshi wa majiko. Alitembea saa nne. Miguu ilimwuma na hakujua kama inamwuma.

Alimwona Tahvo kabla yeye hajamwona. Alikuwa anakuja pembeni ya barabara na ng'ombe wanne, kamba imezungushwa kiganjani, uso mweusi kwa masizi, nyusi zimeungua. Saimi hakukimbia kumlaki. Alisimama tu njiani na kumwacha afike.

"Wanne," alisema Tahvo. "Watatu walitawanyika mizinga ilipoanza."

"Umeumia?"

"Hapana. Walikuja vijana wetu na viberiti. Amri ni kwamba adui asikute paa. Yule kijana alikuwa anatetemeka, Saimi, aliniambia samahani baba, samahani baba, kiberiti hakiwaki. Nikamwambia, lete hapa. Nimeichoma mwenyewe."

"Nyumba?"

"Nyumba, zizi, sauna. Mawe hayaungui, lakini paa limekwenda."

Saimi alichukua kamba ya ng'ombe wawili kutoka mkononi mwake. Walitembea pamoja na umati, upande ule ule wa watu wote. Baada ya muda mrefu Tahvo alisema, "Nilikuwa nimeusoma wote mkataba ule, kila kifungu. Hakuna mahali palipokuwa na kosa."

"Najua."

"Uliandikwa vizuri."

"Najua, Tahvo. Nisamehe neno la jana."

Tahvo alisogea karibu, na ng'ombe nao wakasogea.

Vita ile ilidumu siku mia moja na tano, na ilipokwisha mpaka ulikuwa umesogezwa mbali sana magharibi mwa Haukkala. Walikaa Häme, katika chumba kile kile nyuma ya jiko. Mwaka 1942, majeshi ya Finland yalipokuwa yameirudisha ardhi, Tahvo alikwenda kujenga upya. Saimi alikataa. Hakugombana, alisema tu kwamba miguu yake haitakwenda, na Tahvo, aliyeishi na miguu hiyo karibu miaka thelathini, alielewa. Alipaua nyumba peke yake, akalala humo misimu miwili, na kiangazi cha 1944 akafukuzwa kwa mara ya pili. Bibi Vappu hakumwona akirudi. Alikuwa amezikwa mwezi wa pili, Häme, kwenye udongo aliouita wa watu wengine.

Mwaka 1945 serikali iligawa viwanja kwa wahamiaji. Ofisa wa ardhi aliwatembeza wawili hao siku nzima. Kwanza aliwaonyesha shamba zuri lililoteremka hadi mtoni, udongo mweusi, maji karibu. Tahvo aliinama, akachukua udongo mkononi, akaunusa. Saimi alikuwa ameshageuka kurudi barabarani.

"Una nini kingine?" alimwuliza ofisa.

Walichokichukua kilikuwa kiwanja cha mawe kando ya kituo cha reli. Treni zilipita mara sita kwa siku na kutikisa vikombe kabatini. Majirani waliwacheka. Wa karibu, Bwana Uotila, aliwaambia waziwazi: "Mmeacha udongo ule mkachukua kelele?"

"Hapa treni inasimama," alisema Saimi. "Naisikia ikija."

Tahvo aling'oa mawe miaka mitatu. Ulipofika mwaka wa kwanza wa viazi vya kutosha, redio ilisoma habari za mkataba mpya na Moscow, wa urafiki safari hii, na wa kusaidiana. Tahvo alikuwa anakata mkate. Alisimamisha kisu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono na kuizima redio kabla ya hali ya hewa.

"Usiniulize ni miaka mingapi," alisema.

"Sijauliza," alisema Saimi, akamsogezea siagi.